Joka la Bigo si joka la Ufunuo

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu nyoka aliyeuawa majuma matatu yaliyopita kando ya mahandaki ya kale ya Bigo bya Mugenyi, hapa kwetu Sembabule, Uganda, na kuhusu neno lililotumiwa kumtangaza. Picha yake ilizunguka kwenye simu za watu kutoka Lwemiyaga hadi Masaka, na chini yake palikuwa na maneno ya Kiswahili yaliyosema kwamba joka la Shetani limeuawa magofuni. Mahali penyewe nilipatambua mara moja kwa mti ulioonekana nyuma ya vijana walioshika fimbo, kwa kuwa nilichunga ng'ombe wa baba yangu chini ya mti huo nilipokuwa mtoto. Kesho yake nilikwenda kujionea, na niliyoyakuta ndiyo yanayonifanya niandike.

Aliyeuawa ni chatu, ambaye kwa Luganda huitwa ttimba na kwa Runyankore enziramire. Nimefanya kazi ya uganga wa mifugo kwa zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu, nami nimewaona chatu wengi kwenye vinamasi vya mto Katonga, kwa hiyo sikuhitaji kuambiwa. Urefu wake ulikuwa mita 4 na ushei. Walikuwa wamemtundika kwenye tawi, mkia ukigusa nyasi, na nzi walikuwa wamemjaa kichwani pale alipopigwa jiwe. Hatua chache kutoka pale, chini ya tuta, kulikuwa na shimo ambalo nadhani lilichimbwa zamani na muhanga, na ndani ya shimo hilo niliona mayai. Niliyahesabu 37. Yalikuwa meupe, makubwa kuliko ya bata, na ganda lake lilibonyea kidogo nilipoligusa, kama ngozi iliyolowekwa. Mawili yalikuwa yamepasuka kwa fimbo.

Kijana mmoja kati ya waliomuua alikuwa amerudi kutazama, akaniambia kwa heshima kabisa: "Mzee, halikukimbia hata tulipoanza kulipiga. Lilikaa tu pale pale. Hapo ndipo tulipojua kwamba si nyoka wa kawaida, ni pepo."

Nilimwomba aje aangalie ndani ya shimo, kisha nikamweleza jambo ambalo mtu yeyote wa mifugo au wa wanyamapori analijua. Chatu jike akishataga hujizungusha juu ya mayai yake na kukaa hivyo kwa muda wa miezi mitatu hivi mpaka yaanguliwe, na katika kipindi hicho chote hali chakula, wala haendi mbali isipokuwa kunywa maji au kuota jua. Hana sumu. Meno yake ni ya kushikia, na kinachoua ni nguvu ya mwili wake anapokibana kile alichokikamata. Huyu wa kwetu hakukimbia kwa sababu alikuwa mama juu ya mayai yake, na vijana wale, ambao wote wamekulia kati ya ng'ombe na wanajua jinsi ng'ombe mwenye ndama mchanga anavyokataa kuondoka, waliuona upendo wa mama wakauita upepo mbaya. Kijana yule alinyamaza kwa muda mrefu. Siandiki barua hii ili kumshitaki, wala jina lake silitaji, maana alifundishwa vibaya na watu wazima ambao tulipaswa kumfundisha vizuri.

Niliyafunika mayai yale kwa nyasi na udongo kadiri nilivyoweza, nikapiga simu kuomba msaada wa watu wa wanyamapori. Siku ya tatu niliporudi, kenge walikuwa wameyafukua na kuyamaliza yote.

Sasa naomba nieleze kwa nini jambo hili limeniuma kuliko kifo cha chatu mwingine yeyote. Nilipokuwa na miaka minane au tisa, jjajja yangu, mama wa baba, alikuwa na desturi ya kufika kwenye mahandaki yale na ekyanzi mkononi, yaani kile chombo cha mti tunachowekea maziwa, ambacho kwetu hufukizwa kwa moshi wa nyasi mpaka maziwa yenyewe yawe na harufu ya moshi. Alikuwa akimimina maziwa kidogo kwenye ufa wa jiwe pembeni mwa handaki, polepole, akiangalia pembeni kama mtu anayempa mgeni chakula bila kumtazama usoni, kisha anakaa nasi kivulini na kutusimulia habari za joka la Mugenyi. Hadithi hiyo ni ya nyumbani kwetu. Siitoi kama historia ya kabila zima wala siwezi kusema jjajja aliipata kwa nani, lakini nimeibeba kwa karibu miaka 60 na naomba niiandike hapa kama alivyoisema.

Alisema kwamba Bachwezi, wale watawala wa kale wa masimulizi yetu, walipoondoka katika nchi hii, mmoja wao, Mugenyi, ambaye alimpenda ng'ombe wake Bihogo kuliko kitu chochote, aliliacha joka lake lilinde boma. Halikuwa na mabawa wala halikutema moto. Lilikuwa refu kiasi cha kulizunguka handaki la ndani na kulaza kichwa juu ya mkia wake, na mvua iliponyesha, ngozi yake ilifanana na tuta lililoota nyasi changa, ndiyo maana watu na ng'ombe walipita juu yake bila kujua. Watoto waliopotea jioni walilisikia likipumua, wakaifuata pumzi hiyo mpaka penye njia. Ndama aliyeangukia handakini alikutwa asubuhi amelala juu ya kitu chenye joto. Mtu alipochukua udongo wa tuta kwenda kujengea nyumba yake, joka halikumuuma wala halikumfukuza. Lilimfuata usiku, taratibu, na kulipokucha alilikuta limelala mlangoni pake, kichwa upande mmoja wa kizingiti na mkia usijulikane ulikoishia. Jjajja alitukataza kabisa kumruka nyoka aliyelala, na watu wa nyumba ile nao walikuwa na mwiko huo huo, kwa hiyo walibaki ndani siku nzima huku ndama wakilia zizini na maziwa yakiwajaa ng'ombe viwele, mpaka mwenye nyumba alipobomoa ukuta wa nyuma, akajitwisha kikapu cha udongo na kuurudisha alikoutoa. Joka lilimfuata nyuma kama ndama anavyomfuata mama yake, likamngoja aumwage na kuushindilia kwa miguu, kisha likajilaza mahali pake.

Tulipomuuliza jjajja kwa nini joka lile halikumuua mwizi wa udongo, alijibu kwamba mlinzi anayeua watu wa kijiji hana kijiji cha kulinda.

Mwaka 1973 familia yetu ilikimbilia Bukoba, nasi hatukurudi mpaka utawala wa Idi Amin ulipoangushwa mwaka 1979. Kiswahili ninachokiandika nilikipata huko, shuleni na sokoni, na huko ndiko nilikosikia kwa mara ya kwanza watu wakimtaja mtu mkubwa wa umbo asiye na madhara kuwa ni "joka la kibisa". Nilifurahi sana siku hiyo. Niliwaambia wenzangu kwamba hata sisi Bwera, yaani kwetu huku, tunalo, tena lina maskani yake. Baadaye nikajifunza na ile methali isemayo kwamba joka la mdimu hulinda watundao, ambayo husemwa juu ya mtu anayezuia wengine kitu ambacho yeye mwenyewe hakili. Kwa mtu aliyekulia penye hadithi ya jjajja, methali hiyo ilinipa shida kidogo, kwa sababu joka letu nalo lililinda kisicholiwa na joka, lakini kwa faida ya watu na si kwa uchoyo.

Ninayataja haya, Mheshimiwa Mhariri, kwa sababu kiini cha malalamiko yangu kiko katika neno lenyewe. "Joka" kwa Kiswahili ni nyoka mkubwa, basi. Ni neno la ukubwa, kama jitu kwa mtu na jumba kwa nyumba, na hakuna uovu uliofungwa ndani yake. Uovu limeupata kwa kukaa karibu na kitabu cha Ufunuo, sura ya 12, ambamo yumo yule joka mkubwa mwekundu mwenye vichwa saba na pembe kumi, na siku hizi pia kwa filamu za katuni ambazo wajukuu wangu huzitazama, zenye majoka ya Ulaya yanayoruka na kuchoma miji. Joka la Ufunuo ni la Ufunuo, na mimi kama Mkristo nalisoma hapo lilipo. Lakini mtu anapochukua neno hilo na kulibandika juu ya chatu wa Katonga, anafanya mambo mawili kwa wakati mmoja: anamhukumu mnyama asiye na hatia, na anaifuta hadithi ya wazee kwa kuipa jina la adui. Kijana aliyelelewa na maneno hayo tu, akikutana na kiumbe kirefu kimetulia katikati ya mahandaki ya kale, atafanya nini zaidi ya kuokota jiwe?

Wala si kweli kwamba wazee wetu walimwona kila nyoka kuwa mwema. Buganda wanasimulia habari za Bbemba, aliyeitwa Musota, yaani Nyoka, mtawala mkatili aliyekuwa katika kilima cha Buddo kabla ya Kintu, mfalme wa kwanza wa Buganda, akashindwa kwa hila ya kobe aliyemshawishi akubali kukatwa kichwa. Mahali hapo pa Naggalabi ndipo Makabaka, yaani wafalme wa Buganda, wanapotawazwa hadi leo, na Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II alitawazwa hapo tarehe 31 Julai 1993. Kwa hiyo nyoka mbaya tunaye, anakumbukwa, na kushindwa kwake kumewekwa kwenye msingi wa ufalme. Lakini Waganda hao hao, upande wa Buddu, walikuwa na Sserwanga, ambaye alikuwa chatu, na hekalu lake lilikuwa Bulonge karibu na ziwa Nalubaale, yaani Viktoria. Mmisionari John Roscoe, aliyekusanya habari za wazee kwa msaada wa Katikkiro (waziri mkuu wa Buganda) Sir Apolo Kaggwa na kuzichapisha mwaka 1911, aliandika kwamba watu wa ukoo wa Mutima ndio waliokuwa watunzaji wa mahali hapo, kwamba nyumba ya chatu ilikuwa na tundu ukutani la kutokea na kuingilia, na kwamba mwanamke aliyewekwa kumtunza alikuwa akimpa maziwa katika bakuli. Watu waliotaka watoto walikwenda kwake, na wavuvi pia, kwa sababu mto wa hapo na samaki wake walisemwa kuwa chini ya uwezo wake. Nyoka mbaya na nyoka mwema walikaa katika fikra za watu wale wale bila kuchanganywa, kwa kuwa kila mmoja alihukumiwa kwa matendo yake. Sisi tuliosoma ndio tumepoteza uwezo huo.

Nilipoyasoma maandishi ya Roscoe kwa mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, ekyanzi cha jjajja kilinijia machoni na nikaketi chini. Sina haja ya kubishana na mtu kama chatu kweli hunywa maziwa. Kwa ujuzi wangu chakula chake ni nyama. Maziwa katika nchi ya wafugaji ni heshima, na anayemiminiwa maziwa amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Huenda wasomaji wako wa mbali wakajiuliza ni magofu gani haya ninayoyasema. Anayekuja Bigo akitarajia kuta za mawe kama za Kilwa hataziona. Bigo ni kazi ya udongo na mwamba: mahandaki yaliyochimbwa na watu kwa mikono, ambayo jumla ya urefu wake inapita kilomita 10, mengine yakiwa yamekatwa ndani ya mwamba wenyewe na kufikia kina cha mita 5 hivi, pamoja na matuta ya udongo uliotolewa humo. Handaki la nje linatoka kwenye kinamasi cha Katonga, linazunguka nchi kwa upinde mrefu na kurudi kwenye kinamasi, na ndani yake, juu ya kilima kinachoutazama mto, kuna mahandaki mengine yanayozunguka sehemu ambayo wazee wanasema ndiyo ilikuwa makao ya mtawala. Jina lenyewe Mswahili hana haja ya kutafsiriwa, kwa kuwa ebigo ni ngome na Mugenyi ni Mgeni. Wataalamu Peter Shinnie mwaka 1957 na Merrick Posnansky mwaka 1960 walichimba hapo, na vipimo vimeonyesha kwamba watu waliishi humo katika karne ya 14 hadi ya 16 hivi. Tangu mwaka 1997 Bigo limo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo Uganda inataka yaingizwe katika urithi wa dunia wa UNESCO. Ukisimama ndani ya handaki la kina asubuhi, ukungu wa Katonga ukiwa bado haujapanda, unaona nyasi za pande zote mbili zikikuinamia na husikii kitu isipokuwa ndege na kengele ya ng'ombe mmoja mahali fulani juu yako, na hapo ndipo utakapoelewa kwamba hadithi ya joka refu lililolala mviringo haikuanza bure. Handaki lenyewe lina umbo lake.

Nimefikiri sana ni nini kilichoyahifadhi matuta haya kwa miaka yote tangu wenyewe walipoondoka. Udongo wake ni laini, umekwisha kuchimbwa, na mtu anayehitaji udongo wa tofali au wa kukandikia nyumba angeuona kuwa zawadi. Uzio wa kilomita 10 haujapata kuwapo, na askari wa kuyazunguka mahandaki yote usiku na mchana hakupatikana wakati wa wazee wala hapatikani leo. Sisi watoto tulijua kwamba udongo ule hauchukuliwi, na tulijua kwa sababu ya joka. Baba yangu alikuwa mtu wa kanisa, hakumwaga maziwa penye jiwe hata siku moja, lakini alipojenga zizi jipya mwaka 1970 alituma tukachote udongo kwenye kichuguu kilichokuwa mbali mara mbili ya tuta. Nilimuuliza sababu. Alisema, "Huo una mwenyewe." Hakuogopa kufa, kwa kuwa joka la jjajja haliui mtu, aliona haya, kama mtu anavyoona haya kulaliwa mlangoni na mgeni anayedai haki yake kwa upole. Mimi naamini aibu ya namna hiyo imefanya kazi ambayo sheria na mabango vimeshindwa kuifanya peke yake. Siku hizi, katika kutembea kwangu, nimeona mahali ambapo tuta limekatwa kwa jembe na matofali yamepangwa karibu yake yakingoja kuchomwa. Wanaofanya hivyo si watu wabaya. Hakuna aliyewaambia kwamba udongo huo una mwenyewe, na waliokuwa wakiwaambia wamekufa.

Najua kuna mfugaji anayesoma haya na kusema kwamba chatu amemla mbuzi wake. Ni kweli, hula mbuzi, na hula ndama mchanga aliyeachwa peke yake, nami nimeitwa mara nyingi kutazama alama zilizobaki. Sitaki kuupamba ukweli huo. Lakini nimeona pia kwamba chakula chake kikubwa karibu na mashamba yetu ni panya na ndezi, ambao mkulima wa mahindi na mihogo anawajua kwa hasara zao, na kwamba mbuzi aliyefungiwa vizuri usiku haliwi. Watu wanaoumizwa na chatu ni wachache mno. Atakapokuona kwanza, kwa kawaida atajiondokea, isipokuwa awe juu ya mayai. Anayemkuta mahali pabaya aite watu wa wanyamapori wamhamishe, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2019 haimruhusu mtu kujiulia tu mnyama anayelindwa bila kibali.

Najua pia kwamba wapo wachungaji na masheikh watakaoona kwamba mzee huyu anataka kurudisha ibada za chatu. Sitaki. Simwombi mtu yeyote amimine maziwa. Nawaomba viongozi wetu wa dini wakumbuke kwamba Maandiko yenyewe hayamweki nyoka mahali pamoja: fimbo ya Musa iligeuka nyoka kwa amri ya Mungu, jambo ambalo Biblia na Kurani zote zinalisimulia, jangwani Waisraeli waliumwa na nyoka wakapona kwa kumtazama nyoka wa shaba, na Bwana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 10:16, aliwaambia wanafunzi wake wawe na busara kama nyoka. Mhubiri akisema hayo siku moja tu mbele ya vijana wa Lwemiyaga, atakuwa ameokoa maisha ya viumbe wengi na hatakuwa amepunguza neno lolote katika imani yake.

Ombi langu kubwa zaidi nalielekeza kwa walimu na kwa wote wanaoandika Kiswahili hapa Uganda. Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na tayari nawaona wajukuu wangu wakirudi nyumbani na maneno mapya kila wiki. Nafurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana nimekaa miaka mingi nikikisema na madereva wa malori na askari tu. Lakini lugha inayoingia nyumbani kwa mtu huanza kuvipa vitu majina, na ikivipa majina vibaya mara ya kwanza, kuyaondoa ni kazi kubwa. Mtoto wa Bwera akiuliza ttimba ni nani kwa Kiswahili, aambiwe ni chatu. Akiuliza yule mkubwa wa hadithi za jjajja ni nani, aambiwe ni joka, na aelezwe papo hapo kwamba ni joka la kibisa, lisilouma, mlinzi wa mahandaki. Mwalimu awatume watoto wakawaulize wazee wao waliobaki kuhusu nyoka wa Bigo, wa Ntusi na wa kilima cha Mubende, waandike kila wanachoambiwa hata kama hadithi hazipatani, kisha wazilete darasani. Nimewahi kuona watu wakipita Bigo wakiongozwa na kuelezwa mita na karne, wakaondoka wamechoka. Waelezwe mita na karne, kisha wasimuliwe na joka, kwa Luganda, kwa Runyankore na kwa Kiswahili, na bango likiwekwa, hadithi iwemo ndani yake.

Kijana yule aliyesimama nami penye shimo la mayai alinifuata nyumbani wiki iliyopita, jua likiwa linazama. Alikaa kwenye benchi langu, akanywa chai, akazungumza habari za mvua na bei ya maziwa, na kabla ya kuondoka akauliza kama ni kweli kwamba joka lile lilikuwa likiwaonyesha njia watoto waliopotea. Nikamwambia ndivyo jjajja alivyosema. Akauliza kama jjajja alisema ni upande gani wa handaki lilikokuwa likilaza kichwa. Nilimwambia upande wa mto, kwa kuwa alikuwa akielekeza mkono huko kila alipofika sehemu hiyo ya hadithi.

Hayo ya Bigo nimeyasema kama ninavyoyajua. Ya Bulonge nimeyapata kwa kusoma tu, kwa kuwa mimi ni mtu wa Bwera na sikukulia ziwani. Kama yupo msomaji wako wa Buddu, hasa wa ukoo wa Mutima, aliyesikia habari za Sserwanga kutoka kwa wazee wake mwenyewe, namwomba sana aziandike na kuzileta katika ukurasa huu.

Wako katika kulijenga taifa,
Mganga wa mifugo mstaafu,
Lwemiyaga, Wilaya ya Sembabule.